Jumanne za Desmond Purslow

Desmond Purslow alipofariki alituachia kazi moja tu, nayo karibu itushinde. Alitaka achomwe, majivu yake yachanganywe na chambo, na chambo hicho kitupwe mtoni pale pale alipokuwa akivua kila Jumanne. Kwetu sisi, wavuvi wa ndoana wa mto Tarrow, ombi hilo si la ajabu. Arthur Pym yuko chini ya daraja la reli, na samaki wa pale wamenenepa. Bwana Hesketh yuko kwenye kona ya shamba la nguruwe. Mkewe alitaka kumzika makaburini kama watu wengine, kamati ikaenda kumwona, akaelewa.

Tatizo la Desmond ni kwamba hakuna aliyejua alikuwa akivua wapi. Na huyu alikuwa mgambo wetu wa mto, mtu wa kukagua kadi za uanachama, kuokota makopo na kufukuza wasiohusika. Alijua kila mmoja wetu anakaa wapi akivua, na sisi hatukujua pake.

Mjane wake, Glenda, alikuja siku ya mkutano wa chama. Tunakutana chumba cha nyuma cha baa ya Swan, chumba chenye harufu ya mbwa ingawa mbwa mwenyewe alishakufa. Aliingia akichechemea, maana alibadilishwa nyonga hospitali na haijawahi kumkaa sawa, akaweka mfuko wake wa sokoni mezani katikati ya bilauri zetu. Ndani ya mfuko mlikuwa na kopo la plastiki la rangi ya zambarau, na ndani ya kopo alikuwemo Desmond.

"Sitawachelewesha," alisema. "Niambieni tu alikuwa anavua wapi, nimpeleke, nirudi nyumbani nikapike."

Chamani kwetu unaweza kumwuliza mtu habari za presha yake, za tezi dume, hata za ndoa yake, na atakujibu kwa kirefu. Huwezi kumwuliza alimvua wapi samaki wake. Lakini mjane ni mjane, na Neville Tranter, mwenyekiti wetu, mtu mnene anayependa kuwa wa kwanza kujua mambo, alikohoa.

"Glenda, hilo nalijua mimi. Aliniambia mwenyewe. Chini ya daraja la reli, nguzo ya pili. Akaniapisha kabisa."

Colin Massey akaweka bia yake chini. Colin ndiye bingwa wetu, ameshinda kombe la chama mara nyingi kuliko inavyofaa kwa tabia ya mtu.

"Nguzo ya pili? Nani kakufunga kamba hiyo, bwana? Desmond alikuwa kinuni. Pale maji yanapomwagika kwenye kinu cha zamani cha kusagia. Kanishika mkono, kaniambia, Colin, hili ni lako peke yako."

Niliwahurumia wote wawili, kwa sababu ukweli nilikuwa nao mimi. Desmond aliniambia siku ya msiba wa Hesketh, machozi yakimlengalenga: kona ya mti ulioanguka, chini ya zizi la ng'ombe. Nikasema hivyo. Wakanitazama kama mtu aliyetapika mezani.

Glenda alitugeukia mmoja mmoja. "Neville, wewe ulimwona pale darajani?"

"Kumwona, hapana. Mimi nilikuwa nakwenda Jumatano."

"Kwa nini Jumatano?"

"Kwa sababu yeye alikuwa anakwenda Jumanne."

"Yaani ulikuwa unamwibia mahali pake."

"Nilikuwa napaangalia," alisema Neville.

"Ukapata nini?"

"Mafua."

Colin naye alikuwa akienda kinuni Alhamisi, na alichovua huko ni kiatu. Mimi niliikalia ile kona ya mti ulioanguka msimu baada ya msimu, nikinyeshewa, nikijiambia kwamba samaki wakubwa hawataki haraka. Kati yetu wote hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Desmond Purslow na fimbo ya kuvulia mkononi siku ya Jumanne.

Neville, ambaye akiona shimo lazima alichimbe zaidi, akasema kwa upole, "Labda alikuwa na shughuli nyingine."

Colin akampiga teke chini ya meza. Tulilisikia wote.

"Nami nimeliwaza hilo," alisema Glenda. "Tangu azikwe, au tangu achomwe, sijui tusemeje, sina jingine ninalowaza. Kila Jumanne alibeba chupa ya chai na vikombe viwili. Viwili, Neville. Mtu mmoja ana midomo mingapi?"

"Labda kimoja kilikuwa cha funza wa chambo," alisema Colin.

"Kikombe changu cha maua?"

Tukainamia bilauri zetu, kwa sababu wote tumewahi kutilia funza vikombe vya wake zetu.

Glenda alishika mfuko wake. Sauti haikupanda. "Basi nisikilizeni. Sitamtia mtu kwenye maji ambako hakuwapo. Kama Jumanne zake zilikuwa za mto, nitampeleka mtoni kama alivyotaka. Kama zilikuwa za mtu, huyo mtu aje mlangoni kwangu achukue kopo lake." Akatoka na Desmond wake, na mlango ukajifunga polepole kama kawaida yake.

Niliumia. Niliumia kwa ajili ya Glenda, na niliumia kwa ajili ya uvuvi. Mtu akisema uongo kuhusu mahali anapovua, huo si uongo, ni adabu. Lakini uongo huo huo sasa ulikuwa umemfanya mjane amwone mumewe kuwa mzinzi, na sisi tuliokuwa tunajiita marafiki zake hatukuwa na ushahidi wowote wa kumtetea. Asubuhi iliyofuata nikaenda nyumbani kwake.

Glenda alinifungulia mlango wa jikoni, ule wa kijani. Kijani chake ni cha njegere zilizochemshwa kupita kiasi, na mji mzima unakijua, maana alipokuwa akikitafuta alirudisha makopo ya rangi dukani mpaka muuzaji akawa anajificha stoo akimwona. Akaniambia nikae. Kukaa kwenyewe kazi. Baada ya operesheni ile ya nyonga, daktari alimkataza Glenda asikae kwenye kitu cha chini, na Desmond akaipita nyumba nzima na futi yake ya kupimia, akapandisha kila kiti juu ya magogo. Mimi ni mfupi. Nilikunywa chai miguu ikining'inia kama mtoto wa chekechea.

"Nipe ufunguo wa kibanda," nilimwambia. "Nione vifaa vyake. Nitakwambia kama mumeo alikuwa anavua au alikuwa anazurura."

"Utajuaje?"

"Glenda, mimi nimekuwa fundi bomba maisha yangu yote. Naweza kutazama sinki lako nikakwambia mmekula nini Krismasi. Fimbo ya kuvulia ni rahisi zaidi."

Kibandani kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa unadhifu wa kukera. Nilianza na chubwi, vile vipande vya risasi vinavyozamisha mshipi. Zilikuwa nzito na bapa. Mtu anayevua kwenye maji yaliyolala hahitaji chubwi bapa. Hiyo ni ya mkondo wenye nguvu, ikae chini isibingirike. Nikavuta mshipi kwenye gurudumu la fimbo, nikaupitisha katikati ya vidole. Mwisho wake ulikuwa umekwaruzika, na kinachokwaruza hivyo ni changarawe. Kwenye kona ya mti ulioanguka ni matope matupu. Nilimweleza Glenda hivyo kwa sauti kavu, ingawa ndani nilikuwa nazihesabu zile mvua zote.

Kisha nikachukua wavu wa kuopolea nikaunusa. Ulikuwa na ute uliokauka wa sharubu. Ndivyo tunavyomwita yule samaki mrefu mwenye ndevu nne anayekaa chini kabisa kwenye mkondo. Si kambare, na anayewachanganya hatumkaribishi tena. Tunamvua, tunamwangalia, tunamrudisha majini, maana tukimla tutamvua nani wiki ijayo.

"Alikuwa anavua," nilisema. "Na alikuwa anapata."

"Harufu inaweza kutoka popote."

"Hakuna mwanaume anayekwenda kwa mwanamke na wavu kama huu."

"Humjui Desmond."

"Na hakuna mwanamke anayempokea."

Alilifikiria hilo. Akauchukua wavu, akaunusa mwenyewe, akaurudisha haraka. "Hapo sawa," alisema. "Lakini vikombe?"

"Kile cha pili kilirudi kichafu?"

"Kilirudi kisafi. Lakini mto una maji, Malcolm."

"Hakuwahi kukualika mwende wote?"

"Kila Jumanne. Anasimama pale mlangoni, kofia kichwani. 'Unakuja?' Nami namwambia huko kuna unyevu. Anasema haya, anaondoka. Miaka yote ni hivyo hivyo."

"Sasa mtu anayekwenda kwa hawara atamwalika mkewe?"

"Atamwalika akishajua jibu."

Nikarudi kwenye vifaa, kwa sababu hivyo ndivyo mimi mwenyewe ninavyomwalika mama mkwe wangu kila Pasaka.

Mwisho nikageuza buti zake. Kwenye nyayo mlikuwa na udongo mwekundu. Mto wetu una udongo wa kila rangi ya huzuni, lakini mwekundu uko sehemu moja tu, kati ya daraja la chuma na nyumba ya pampu. Nikaziweka buti chini.

"Haiwezekani," nilisema. "Pale pamefungwa."

"Na nani?"

"Kuna kibao. Ukingo unabomoka, hakuna kuvua, hakuna kupita."

"Basi labda alikuwa anakagua tu. Si alikuwa mgambo?"

"Labda alikuwa anakagua tu."

Tukaliacha hapo, tukafunga kibanda. Leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi. Vifaa vyote vilikuwa vinanipigia kelele, mkondo wenye nguvu, changarawe, udongo mwekundu, na mimi nikavikatalia kwa sababu ya ubao uliopigiliwa kwenye mti. Lakini sisi ndivyo tulivyo huku. Ukitaka kumzuia mtu wa mji wetu usimwekee mbwa, mwekee kibao.

Tulikubaliana twende siku ile ile tukapaone mahali pamoja baada ya pengine, nguzo ya pili kwanza, kisha kinuni, huenda roho yake Glenda ikamwambia kitu. Nilibeba ndoo yenye chenga za mkate na mbegu za kuchemsha, endapo ataamua kumwaga majivu. Fimbo yangu niliiacha nyumbani kwa heshima ya marehemu. Glenda alibeba mfuko wake, na sandwichi za nyama na achari, kwa sababu haamini kwamba safari yoyote inaweza kwenda vizuri bila sandwichi.

Pale nguzo ya pili palikuwa na maji meusi yasiyokwenda popote, na baiskeli ndani yake. Glenda alitazama kidogo. "Huyu mtu alikuwa anapenda vitu vikae sawasawa," alisema. "Asingeweza kukaa akitazama baiskeli." Tukaendelea.

Kutoka daraja la reli kwenda kinuni lazima ufike kwenye kile kibao. Kimepigiliwa kwenye mti, na nyuma yake kuna seng'enge na miiba na upupu uliokwenda juu kuliko mtu. Herufi ni nyeupe: HATARI. UKINGO UNABOMOKA. USIVUE. USIPITE. Na chini yake: KAMATI. Mimi nikageuka kushoto kama kawaida, kuzunguka kwa njia ya shambani, mwendo mrefu wa kupanda na kushuka ambao chama kizima kimekuwa kikiutembea na vifaa mgongoni tangu kibao kiwekwe. Nilikwenda hatua kadhaa kabla ya kugundua kwamba naongea peke yangu.

Glenda alikuwa amesimama mbele ya kibao. Hakuwa akikisoma. Alikuwa amevua glavu, anakwangua pembe yake kwa ukucha.

"Malcolm, hii ni rangi ya mlango wangu."

"Kijani ni kijani, Glenda."

"Usiniambie mimi kijani ni kijani. Hii nilichanganyishiwa. Nusu kopo lilibaki, nikataka kupaka na dirisha, Desmond akaniambia limekauka amelitupa." Akaweka kiganja chake chote juu ya ubao. "Nani aliweka hiki kibao?"

"Kamati."

"Kamati ni wewe na Neville na Colin. Nani kati yenu alishika nyundo?"

Nikafungua mdomo kujibu, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanza kunijia, polepole. Kibao kiliwekwa baada ya ripoti ya mgambo. Mgambo alikuwa Desmond. Ukingo ulikaguliwa upya kila mwaka na mtu mwenye uzoefu, naye ni Desmond, na kila mwaka alituletea habari mbaya kwa uso wa majonzi, kwamba hali bado, tena imezidi. Tulikuwa tukimpigia kura ya shukrani. Neville alimpa ngao, KWA ULINZI WA UKINGO, iko juu ya televisheni yao mpaka leo. Na mimi, mimi Malcolm, mwaka mmoja niliingiza mguu mmoja tu ndani ya ile seng'enge kuchukua kofia yangu iliyopeperushwa na upepo, Desmond akatokea kichakani akinifokea, akanisimamisha uanachama mwezi mzima. Nilimwandikia barua ya kuomba radhi!

"Mwongo mkubwa," nilisema. Nilisema kwa hasira, na kwa heshima pia, sitaficha.

Glenda alikuwa ameshainua seng'enge. Iliinuka kirahisi, kumbe ilikuwa na kitanzi na ndoana, kama geti. Akapita, nyonga na yote.

"Njoo."

"Inakatazwa."

"Na nani?"

"Na Desmond."

"Desmond yuko kwenye mfuko, Malcolm."

Hata hivyo nilitazama nyuma kabla ya kuingia.

Miiba na upupu vilikuwa pazia tu, upana wa mlango. Nyuma yake palikuwa na ngazi zilizochongwa kwenye udongo mwekundu, kila moja imewekewa ubao usiteleze, na pembeni kamba ya kushikia. Kamba ilikuwa upande wa kulia. Nyonga mbovu ya Glenda ni ya kulia. Alishuka akiishika bila kufikiri, mimi nikamfuata na ndoo.

Nimevua mto ule tangu nikiwa na meno yangu yote, na sijaona maji kama yale. Mkondo ulikuja kutoka kwenye daraja la chuma kwa nguvu, ukapanda changarawe safi, kisha ukateremka kwenye kina cha kijani ambapo majani marefu yalikuwa yanapepea chini kwa chini. Mti ulikuwa umeinama ng'ambo ukitia kivuli pale pale kinapohitajika. Ukingo haukuwa umebomoka hata kidogo. Ungeweza kuegesha lori. Nilisimama nikiona wivu, nikiwa na ndoo na bila fimbo.

Glenda hakuwa akitazama maji.

Kwenye ukingo kulikuwa na viti viwili, vimechimbwa ndani ya udongo na kuwekewa mbao. Kimoja kilikuwa cha chini, ubao wake umelika katikati na kung'aa kwa suruali ya mtu mmoja. Mbele yake kulikuwa na uma wa kuegeshea fimbo. Cha pili kilikuwa juu zaidi. Kilikuwa na egemeo la mgongo na mkono wa kujiinulia, upande ule usiopigwa na upepo, na juu yake kulikuwa na kibati kidogo cha kuzuia mvua. Ubao wake ulikuwa umeota kuvu ya kijani, laini, bila alama. Hakuna aliyewahi kukikalia.

Nilikuwa nimekaa jikoni kwao asubuhi ile miguu ikining'inia, na urefu ule niliujua.

Glenda aliufuta ubao kwa glavu yake, akageuka, akakaa. Miguu yake iligusa chini sawasawa, magoti yakakunjika bila taabu. Akaweka mkono kwenye ule mkono wa kujiinulia. Ulikuwa mahali pake. Akawa anatazama kile kiti kingine, mfuko mapajani, mpaka mimi nikaanza kuona aibu kusimama.

"Kumbe hakuna unyevu," alisema.

Kisha akalia. Hakulia kidogo. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu, na kwa kuwa sikujua la kufanya nikageukia maji nikayasoma kwa makini sana, kina, mkondo, mahali pa kutupa, mpaka alipoacha.

"Angesema," alisema nyuma yangu. "Angesema tu, Glenda nimekutengenezea kiti. Ningekuja."

"Asingeweza."

"Kwa nini?"

"Angekuwa amekwambia mahali."

Alipenga kamasi. "Mjinga," alisema, na sikujua kama ni Desmond au mimi. "Haya, anachanganywaje?"

Hilo nalijua. Nilimwaga chenga na mbegu, yeye akafungua kopo akammimina mumewe juu, nami nikatia maji ya mto kidogo kidogo. Nilimweleza kwamba mseto ukiwa mkavu utasambaratika kabla ya kufika chini, mkondo uupeleke mpaka mji wa pili, na ukiwa tepetepe hautashika. Lazima ukubali kufinyangwa.

"Desmond hakuwahi kukubali," alisema Glenda, na akafinyanga. Alifinyanga madonge makubwa kama machungwa, yenye nguvu, kwa mikono iliyokanda unga maisha yake yote. Donge la kwanza lilianguka karibu na miguu yetu. Akasema samahani, sijui kwa nani. La pili likafika kwenye mkondo, na la tatu, na yaliyofuata yote yakatua pale pale nilipomwonyesha, mwanzo wa kile kina.

Tulikula sandwichi. Na wakati tunakula wakaja. Kwanza mgongo mmoja wa rangi ya shaba chini ya majani, halafu wa pili, halafu sharubu mmoja mkubwa kuliko yeyote niliyewahi kumwona akajilaza kwenye changarawe akaanza kula Desmond taratibu, kwa starehe, akipepesa zile ndevu zake. Sikuwa na fimbo. Nimezika wazazi wangu wote wawili na ninasema kwamba ile ilikuwa saa ngumu.

"Huyo mkubwa anaitwaje?" aliuliza Glenda.

"Hawana majina."

"Desmond atakuwa alimpa," alisema.

Jioni ile ile baani walikuwa wanatusubiri. Neville alimvuta Glenda pembeni, karibu na mashine ya karanga, nami nilisikia kila kitu. Glenda alimwambia, mkono kifuani, kwamba Neville alikuwa sahihi, ni nguzo ya pili, amemwaga majivu yote pale, na amwapie hatamwambia mtu. Neville akaapa macho yakimmeremeta. Baadaye Glenda akamshika Colin kiwiko mlangoni mwa choo. Kinuni, Colin. Pale pale ulipomwambia kila mtu. Hili ni lako peke yako.

Ulikuwa uongo safi, usio na mkwaruzo, na uliwafurahisha wote wawili. Neville bado anakwenda darajani kila Jumatano. Ana kifua kibaya sasa. Nanyi msiutafute Tarrow kwenye ramani. Mvuvi hatoi jina la kweli la mto.

Mkutano uliofuata Glenda alijitolea kuwa mgambo. Hakukuwa na mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Ripoti yake ya kwanza ilikuwa fupi: ukingo kati ya daraja la chuma na nyumba ya pampu umezidi kuharibika, na kibao kinahitaji kupakwa rangi upya, rangi atatoa yeye. Neville akasikitika. Nikaunga mkono hoja, nikiwa na furaha moyoni, kwa sababu nilikuwa nimeshaosha wavu wangu na kununua chubwi bapa.

Jumanne ikafika. Niliamka mapema, nikakata nyama ya kopo vipande vya chambo, nikachukua fimbo nzuri, nikaenda. Glenda alikuwa amefika kabla yangu. Alisimama kando ya kibao, kofia ya Desmond kichwani, seng'enge imeinuliwa nusu, na fimbo ya marehemu imeegemea mti. Mkono mmoja ulishika chupa ya chai. Vidole vya mkono wa pili vilikuwa vimepita kwenye masikio ya vikombe viwili vya maua, na nilipoviona nikajua kimoja ni changu, nikatabasamu.

"Malcolm," alisema. "Hujasoma kibao?"

"Glenda, ni mimi."

"Nakuona ni wewe."

Nilitazama vikombe. Alitazama vikombe. Kisha akaingia, akateremsha seng'enge nyuma yake, akatia kitanzi kwenye ndoana, na nikamsikia akishuka ngazi moja moja, akisema kitu kwa sauti ya chini kama mtu anayejibu swali.

Rangi ya kibao ilikuwa bado mbichi. Nikageuka kushoto, nikazunguka kwa njia ya shambani.